Futi Moja Katika Kila Ishirini

Siku ya gulio, tarehe 12 Aprili

Shamba la Bibi Sabidia limepotea leo, saa nne asubuhi. Jugera sitini na sita. Yaani jozi ya ng'ombe ilime siku sitini na sita ndipo ilimalize. Limetoka kwenye chungu cha kura kama linavyotoka jina la mshindi wa mbio: kibao cha mbao, namba juu yake. Namba kwa mwandiko wangu. Nimelipima mimi.

Naandika haya nyuma ya michoro iliyoharibika. Hakuna wa kuyasoma. Plotia mke wangu hajui herufi, na Bato, mshika fito wangu, anajua tarakimu tu.

Amri ni fupi. Mstari upite katikati ya soko la Carsidium, uende mashariki sawasawa na magharibi sawasawa. Ardhi yote ya kaskazini ya mstari wapewe askari walioshinda vita vya Filipi. Ya kusini ibaki kwa wenyeji. Basi! Zamani karatasi kama hii ilianza na Seneti na Watu wa Roma. Hii inaanza na jina la mtu mmoja. Tunaambiwa watawala ni watatu. Nimeyatafuta majina ya wale wawili juu, chini, pembeni. Hayamo.

Bibi alisimama karibu na jukwaa, ameshika fimbo yake. Kura yake imeangukia askari mmoja kilema, Vibellius, alikuwa akida wa mia. Akapiga kelele: Kuna maji huko? Watu wakacheka. Nikajibu mimi: Kuna kisima. Kina chake futi thelathini na moja. Nakijua kwa sababu niliteka maji humo miaka kumi na mmoja, nilipokuwa mtumwa wa baba yake. Sikulisema hilo.

Nikirudi nyumbani muuza dagaa ametema mate mbele ya kiatu changu. Kisa? Nusu ya mji huu ilikuwa kaskazini kabla mama yangu hajanizaa. Mimi ndiye niliyeanzisha vita? Mimi ndiye niliyewaambia wakubwa wachinjane miaka mitano kisha walipane kwa mashamba ya watu? Mimi napima. Nikiambiwa pima, napima.


Siku ya kwanza baada ya gulio, tarehe 13 Aprili

Mvua. Hakuna kazi. Considius, mkuu wa tume ya ugawaji, ametuma mtu na sifa: miraba yote imefunga, hakuna hata futi iliyobaki nje. "Kazi safi, fundi."

Nilifurahi. Naliandika hilo lisije likasahaulika. Nilifurahi hadi wakati wa chakula.


Siku ya nne baada ya gulio, tarehe 16 Aprili

Makabidhiano. Vibellius amepanda nyumbu, mimi na Bato kwa miguu, na mawe ya mpaka kwenye mkokoteni. Nilitamani Bibi awe ameshaondoka. Yupo! Amekaa mlangoni anachambua dengu.

Vibellius akavua kofia. Akasema, mama, sikukuchagua, nilitia mkono tu kwenye chungu. Bibi akamwambia: "Na chungu nacho kilitiwa mkono na nani? Huyo hapo. Muulize, anapajua hapa kuliko wewe. Choo kiko wapi, anajua. Alikichimba."

Vibellius akacheka mpaka akakohoa. Mimi nikajishughulisha na mawe.

Si mtu mbaya, huyu kilema. Alizunguka shamba lote anashangaa kama mgeni harusini. Mizabibu hii inataka nini? Inataka kupogolewa, nikamwambia. Kila mwaka? Kila mwaka. Akaguna. "Miaka kumi na sita nimechimba mitaro kutoka Galia mpaka Filipi, hakuna hata mmoja ulioota kitu." Nikamuuliza walipigania nini hasa huko Filipi. Akasema wale wa upande wa pili walikuwa wanapiga kelele kwamba hawataki bwana. "Tukawapiga. Sasa bwana tunaye, na mimi nina shamba. Usiniulize hesabu zaidi ya hapo."

Amemwambia Bibi akipenda anaweza kukaa kwenye chumba cha zana, atamlipa kwa kumfundisha. Bibi hakumjibu yeye. Aligeukia kwangu. "Umesikia, mtoto wa Hedia? Nimeajiriwa."

Hedia ni mama yangu. Alikufa katika chumba hichohicho cha zana.


Siku ya saba baada ya gulio, tarehe 19 Aprili

Bibi ameniita. Nilidhani ni kunitukana. Nikaenda, maana yeye ndiye aliyerithi haki zote za baba yake juu yangu. Marehemu ndiye aliyeniacha huru kwa wosia, jina lake, Sabidius, ndilo ninalotembea nalo mbele ya lile la utumwa, Stafilus. Akiita, naenda. Ni desturi, si mapenzi. Yeye mwenyewe hajawahi kuniketisha kwenye meza yake. Kila sikukuu ya Desemba ananiletea kikapu cha karanga, kilekile anachowapa wachunga nguruwe. Mimi! Mtu mwenye chombo chake cha kupimia, nyumba yake, wafanyakazi wanne.

Hakunitukana. Alinipeleka kwenye ua wa kusini, ule wa miiba, na mawe yangu mapya yamesimama nje yake.

"Tembea na mimi," akasema. Tukaanzia kwenye mnara wa njiwa. Hapo mawe yangu yanagusa ua. Tukaenda na ua mpaka kwenye mtini, hatua mia tatu na themanini. Akasimama. Akaniambia, sasa toka kwenye ua uende kwenye jiwe lako. Nikaenda. Hatua kumi na tisa.

"Ua aliuweka baba," akasema. "Mawe umeyaweka wewe. Mmoja wenu hajui mashariki iko wapi."

Nikamjibu — namna gani ile sauti! Kama ya Considius. Ua ni wa mkulima, Bibi, mawe ni ya chombo. Nguzo, msalaba wa chuma, timazi nne. Chombo hakikosei.

Akanyoosha fimbo kuelekea sakafu ya kupuria. "Na ile? Nani aliichora ile? Nilikuwa nimekaa pale kwenye ngazi nakula zabibu kavu. Ulikuwa na miaka kumi na tano, mwalimu wako alikupiga kofi mara mbili. Ukasimamisha kijiti, ukachora duara, ukangoja kivuli kutwa nzima. Baba akasema, huyu ana akili, atalipa chakula chake. Ukingo wa sakafu ile na ua wangu vinaenda pamoja. Mawe yako yanaenda peke yao."

Nikasema nina kazi mjini. Nikaondoka. Mgongo wote ulikuwa unanichoma kama nimebeba kaa la moto.

Hatua kumi na tisa katika mia tatu na themanini. Nilizigawa njiani bila kutaka. Moja katika ishirini.


Siku ya gulio, tarehe 20 Aprili

Sikwenda gulioni. Jua kali toka asubuhi, hakuna wingu. Nimesafisha uwanja nyuma ya nyumba, nikasimamisha kijiti, nikachora duara. Asubuhi ncha ya kivuli ilipoingia kwenye duara nikaweka msumari. Mchana ilipotoka upande wa pili nikaweka msumari. Uzi kati ya misumari. Hiyo ndiyo mashariki na magharibi, haihitaji mtu kuamini.

Kisha nikaulinganisha uzi na nguzo zangu za sokoni, zile za mstari mkuu.

Mstari wangu umepinda. Kila futi ishirini, futi moja kusini.

Asubuhi nilichora pia duara la pili, kubwa zaidi, nalo nimelipigilia misumari yake. Tofauti ileile.

Najua ilikuwaje. Najua vizuri mno. Njia ya kivuli inataka siku nzima. Considius alitaka sherehe ya alfajiri, na ndege waangaliwe, na jina la mkubwa litamkwe wakati jua linachomoza. Nikasema sawa, lakini tungoje tarehe 25 Machi, usiku na mchana vinapolingana, kwa kuwa siku hiyo jua linatoka mashariki haswa. Nikajisifu! Nikawaeleza madiwani wote kwa nini siku hiyo na si nyingine. Wakatikisa vichwa.

Nikausahau Mlima wa Mbuzi. Uko palepale mashariki ya mji, tangu dunia iwepo. Jua linachomoza nyuma yake, hatulioni. Linapanda, na likipanda linasogea kusini, na linapochungulia juu ya mlima limekwisha kuhama. Mimi nimesimama na timazi zangu nne napiga mstari kuelekea jua lililochelewa. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angekumbuka. Nilipigwa kofi mara mbili kwa kosa dogo kuliko hilo.

Shamba la Bibi liko maili nne toka sokoni. Futi elfu tano kila maili, ni elfu ishirini. Gawa kwa ishirini: elfu moja. Shamba lake lina upana wa futi elfu moja, kuanzia mstari wa kweli kwenda kusini. Halikuwa kaskazini. Halikuwa kaskazini hata kidogo. Lote lilikuwa lake.


Siku ya kwanza baada ya gulio, tarehe 21 Aprili

Jana sikuandika hesabu mpaka mwisho. Naiandika leo.

Mstari ni kama mkono wa mizani. Ukishuka upande wa mashariki, unapanda upande wa magharibi. Nilichomwibia Bibi kule, nimempa mtu huku.

Shamba langu la mizabibu liko magharibi, maili mbili. Futi elfu kumi. Gawa kwa ishirini: mia tano. Jugera ishirini na moja, upana futi mia tano kwenda kaskazini. Kwa mstari wa kweli, ni la askari. Kwa mstari wangu, limebaki kwangu lote, na ukingo wa kaskazini unakaribia kugusa mawe.

Sikujua! Naapa — kwa nani sasa? Tarehe 25 Machi sikujua. Nilipoona mawe yamelipita shamba langu kwa juu nilimshukuru Jupita na kumnunulia jogoo. Nilisema, mara moja katika maisha yangu bahati imenikumbuka.

Miaka kumi na tisa nimelinunua shamba lile. Kipande kwa kipande. Hakuna futi niliyopewa. Wengine wamerithi, mimi nimepima mitaro ya watu kwenye matope mpaka magoti yangu yakaanza kulia kama mlango.

Nimemwambia Plotia. Alikuwa anakanda unga. Hakuacha kukanda.

"Kwani wewe ndiye uliyelichelewesha jua?" Nikasema hapana. "Basi." Nikasema Bibi analala chumba cha zana. Akaupiga ule unga kofi. "Mimi nimelala chumba cha zana miaka ishirini na mbili, bwana we, hakuna aliyekuja kupima. Na hilo shamba lao, unadhani lilishuka mbinguni? Babu yake alilipata wakati wa Sula, kwa mtu aliyenyang'anywa. Na huyo naye alikuwa na mama."

Ni kweli. Alilipata hivyo. Kila mtu Carsidium anajua.

Lakini siyo mimi niliyempimia Sula.


Siku ya nne baada ya gulio, tarehe 24 Aprili

Nimekwenda kwa Considius. Nilikuwa nimejipanga. Kauli tatu: jua, mlima, futi moja katika ishirini. La shamba langu nilikuwa nimeliacha la mwisho — kama nitabaki na pumzi.

Alikuwa anakula mayai ya kuchemsha. Akanikaribisha kwa mkono wenye chumvi.

Nikamwambia, Mkuu, kuna jambo kuhusu jua la siku ile. Akauliza jua limefanya nini. Nikaeleza. Alisikiliza vizuri, hakunikatiza, alimenya yai la pili taratibu kama mtu anayemvua mtoto nguo. Nilipofika kwenye Mlima wa Mbuzi akanyanyua kidole.

"Fundi. Mchoro umekwenda Roma na umerudi. Una muhuri wa mkubwa. Sasa unataka nimwandikie nini? Kwamba muhuri wake umepinda?"

Nikasema hapana, muhuri haujapinda, mstari ndio umepinda.

"Ni kitu kimoja siku hizi. Zamani ningekuambia, haya, tuwasilishe kwa Seneti, wabishane miezi sita, watu wagawanyike, wachapane viti. Umechoka na hayo au hujachoka? Mimi nimechoka. Sasa kuna mtu mmoja akisema mashariki ni kule, ni kule, tunalala." Akatia yai chumvi. "Miaka miwili iliyopita orodha za watu wa kuuawa zilibandikwa pale sokoni, unakumbuka. Mle hawakuwamo waliokosea mstari. Walikuwamo waliosema wengine wamekosea."



Kisha akatabasamu. Heri angenitishia tena! Akasema, kwa sauti ya chini, ya kirafiki: "Halafu wewe una kashamba magharibi, si ndiyo? Nimekaona kwenye mchoro. Kamepona kwa futi chache. Nilijiuliza sana: bahati, au fundi? Nikasema, fundi. Mtu aliyeanza mtumwa akafika hapa hafanyi kazi na bahati. Sikukuonea ubaya. Ningekuwa wewe ningefanya hivyohivyo. Sasa tulia, usiniletee jua tena."

Anadhani nilifanya makusudi. Na ameniheshimu zaidi kwa hilo! Akaniita niketi. Akanipa yai.

Hapo ndipo ningesema. Neno moja lilitosha: sikukusudia. Nililitafuta mdomoni nikalikuta liko nyuma ya lingine: kama hukukusudia, sahihisha. Nikaona bora nionekane mwizi mwerevu kuliko fundi mjinga.

Nikala yai lile. Lote.


Siku ya tano baada ya gulio, tarehe 25 Aprili

Nimepima siku nzima mfereji wa mtu. Bato kaniuliza mara mbili kwa nini narudia kila kipimo. Nikamfokea. Yeye ana miaka sitini, hajawahi kukosea fito hata moja.

Woga upo. Sikatai. Lakini nikijigawa sawasawa kama ardhi, woga ni sehemu moja na shamba ni sehemu tatu.


Siku ya gulio, tarehe 28 Aprili

Gulioni askari wapya wamejaa, wananunua majembe wanayashika kama mikuki. Wanalitaja jina la mkubwa kila wanapokubaliana bei. Wauzaji nao wamejifunza. Muuza dagaa yule aliyenitemea mate leo ameniita mheshimiwa na kunisukumia mtungi wa mchuzi wa samaki. Shamba la shemeji yake liko karibu na mstari, anaomba nilitazame kwa jicho zuri. Wanaamini naweza kuusogeza! Kumbe mji mzima unaamini alichoamini Considius. Wameacha kunitemea mate kwa sababu wanadhani mimi ni mwizi wa maana.

Mtungi sikuuchukua. Nilipofika nyumbani nikaukuta. Kumbe Plotia alipita gulioni nyuma yangu akauchukua.

Nimekutana na Vibellius. Amekonda, ana furaha. "Yule mama ananifundisha kupogoa. Anaanza kunitukana jogoo wa kwanza, anamaliza giza likiingia. Sijawahi kuwa na kamanda kama yeye. Angekuwepo Filipi tungemaliza kabla ya chakula."

Nikamuuliza, kama mtu anayeuliza hali ya hewa: ukiambiwa leo shamba lile si lako, utafanyaje? Akasema wakimpa jingine sawa, atalichukua. Wasipompa atakwenda kwa mkubwa mwingine atakayemwahidi. "Sisi ni wengi tu, fundi. Ndiyo maana wanatupa mashamba haraka hivi."

Kisha akaongeza: usiku yule mama anakohoa. Kile chumba cha zana kinavuja upande wa kulia.

Upande wa kulia. Ulikuwa unavuja wakati wa mama yangu.


Siku ya pili baada ya gulio, tarehe 30 Aprili

Madiwani wanatuma wajumbe watatu Roma. Malalamiko yanapokelewa mpaka katikati ya Mei. Baada ya hapo mchoro unachongwa kwenye bamba la shaba na mstari utakuwa ndio mashariki milele. Bibi amewashawishi waingize shamba lake. Wamekubali shingo upande: wanasema hatua kumi na tisa za bibi kizee zitachekwa mlangoni. Bila mkono wa mpimaji ni kelele tu.

Mpimaji ni mmoja.

Nimejaribu kuandika barua bila jina. Nikaichoma. Nani mwingine Carsidium anajua duara la kivuli? Barua isiyo na jina ingekuwa na jina langu kila mstari.


Siku ya nne baada ya gulio, tarehe 2 Mei

Saa moja na nusu asubuhi. Naandika haraka.

Amekuja. Kwa miguu, maili nne, ametoka alfajiri. Hakubisha hodi. Ameketi kwenye jiwe la kupandia nyumbu mbele ya mlango wangu, mkabala na tanuri la mwokaji Apronius, saa ambayo mji mzima unanunua mkate. Magotini ana ubao wa nta na mapajani mkate wake, anakula.

Nikatoka. Nikasema, Bibi, karibu ndani. Akasema ndani amekaa vya kutosha siku hizi, anapenda hewa. Watu kumi na mbili kwenye foleni ya mkate. Niliwahesabu.

Nikaanza. Nikasema nasikitika sana kwa yaliyompata. Akaniwekea kiganja usoni. "Sikuja kuchukua pole. Pole nimeletewa na kila mtu, hata yule kilema ananipa pole huku anakata mizabibu yangu vibaya. Wala sikuja kukudai shukrani. Baba alikulisha, ukamfanyia kazi, mmelipana. Nimekuja na swali."

Akanipa ubao. Ameandika mwenyewe, herufi kubwa za mtu aliyejifunza utotoni akaacha:

*Mstari wa Carsidium umenyooka mashariki sawasawa?*

Chini yake nafasi. Chini ya nafasi, mahali pa jina na muhuri.

Nikasema, Bibi, jambo hili lina hesabu ndefu. Akasema: "Basi hesabu. Mimi nimekaa."

Nikasema kuna watu wakubwa. Akasema anawajua, mmoja wao ndiye aliyeligawa shamba lake. Mwokaji akacheka, kisha akainama haraka kama aliyeangusha kitu. Nikasema hata nikiandika ndiyo, hata nikiandika hapana, huenda Roma wasisome. Akatafuna, akameza.

"Wasome wasisome, hilo ni lao. Nimeuliza lako. Kama umenyooka, andika umenyooka, utie muhuri, nami nitauvunja huu ubao hapahapa na nitakwenda kumfundisha kilema kazi mpaka nife, na nitawaambia hawa wote kwamba Stafilus ni fundi na mimi ni bibi mpumbavu. Kama haukunyooka, andika haukunyooka. Nisichotaka ni ubao mtupu. Mkokoteni wa wajumbe uko lango la Roma, unaondoka saa tatu."

Niliuchukua ubao nikaingia ndani. Nikafunga mlango! Mlango wangu, mbele ya Bibi, mbele ya foleni.

Plotia amesimama dirishani. Anasema kwa midomo bila sauti: ishirini na moja. Hajui kusoma lakini jugera zetu anazijua. Kisha amechukua mto kutoka kitandani. Nikamuuliza unakwenda wapi na mto. Akasema jiwe lile ni baridi, mwanamke mzima anakohoa, na mimi nisimtazame hivyo, mto si ushahidi. Ametoka nao. Nasikia wanazungumza. Nasikia Bibi anamuuliza unga wa mkate wake anauchanganya na nini.

Nimekaa na ubao. Kalamu ya chuma iko mkononi. Nta imelainika kwa joto la kiganja. Haukunyooka: herufi kumi na moja. Umenyooka: herufi tisa. Hayo ndiyo niliyohesabu mpaka sasa. Jugera sitini na sita kwa ishirini na moja, nimeshazigawa kila namna, haziwi sawa. Nikiandika la kweli, Considius atajua kabla mkokoteni haujapita daraja. Nikiandika la uongo, nitaliandika kwa jina la baba yake, kwa kuwa sina lingine la mtu huru.

Jua limeshavuka ukingo wa dirisha. Saa mbili na nusu, si pungufu. Foleni imekwisha, watu hawajaondoka. Wamesimama na mikate yao inapoa.

Mlango unagongwa kwa fimbo. Mara tatu.

"Sabidius! Sikuombi uhamishe jiwe lolote. Nakuuliza ulichokiona kwa macho yako. Umenyooka, ndiyo au hapana? Nataka ubao wangu kabla ya saa tatu."